Watu wa Radebe Wako Langoni

Baba mdogo Mncedisi hakuwa mtu wa kupiga simu isipokuwa kuna msiba au amekwama. Kwa hiyo jina lake lilipotokea kwenye simu, Funeka aliacha mwiko ndani ya sufuria, akajifuta mikono kwa aproni, akavuta kiti na kukaa kwanza, ndipo akapokea.

"Mwanangu," mzee alianza, kwa sauti ya mtu aliyekalia habari tamu, "Jumamosi usiende popote. Watu wa Radebe wanakuja nyumbani kwetu. Wanakuja kuposa."

"Kumposa nani?"

"Kumposa nani! Nyumba ile ina msichana gani mwingine? Au unadhani wamemwona mama yako na magoti yake? Wanakuja kwako. Wamenipigia wenyewe, kwa heshima, watu wanaojua taratibu. Nimewaambia waje."

"Lakini baba, mimi na Yoliswa tayari..." Akashindwa kumaliza. Tayari nini?

"Najua, mna karatasi yenu ile ya serikali. Sasa karatasi ina kwato?" Akacheka mwenyewe. "Mimi sielewi mambo yenu, sikufichi. Lakini ng'ombe nawaelewa. Ng'ombe hata siku moja hajauliza ametolewa kwa ajili ya nani. Jumamosi, asubuhi. Na uvae sketi."

Simu ikakatika. Sufuria ilianza kunukia kuungua. Funeka aliisogeza, akatoka nje.

Yoliswa alikuwa uani, amepiga magoti nyuma ya jokofu la mtu. Ua wao wote ulikuwa umejaa majokofu, mazima na mafu, maana hiyo ndiyo kazi iliyomlisha, na watu wa Ezibeleni, mtaa wao, walimwita Fundi Barafu hata kanisani. Upepo wa Agosti ulikuwa ukipeperusha vumbi jekundu juu ya uzio. Alipoinua uso na kumwona Funeka, alijua.

"Ameshakupigia," alisema.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua Jumapili."

"Leo ni Jumanne, Yoli."

Yoliswa aliweka bisibisi chini taratibu. "Baba mkubwa hakuniomba ruhusa. Aliniambia tu. Ningemzuiaje?"

"Kwa mdomo! Ungesema, baba mkubwa, tulikubaliana, sisi ni ushirika, imetosha."

"Wewe ndiye uliyekubaliana," Yoliswa alisema, bila ukali. "Mimi nilikuwepo tu."

Hilo lilikuwa kweli. Siku ile ofisini kwa serikali, karani aliwauliza huku anapiga miayo: ndoa au ushirika wa kiraia? Sheria ni ileile, akasema, haki ni zilezile, chagueni neno tu niandike. Yoliswa alikuwa amefungua mdomo. Funeka akawahi. "Ushirika," alisema, haraka kama mtu anayefunga dirisha mvua isiingie. Yoliswa akaufunga mdomo wake, na tangu siku ile hawakuwahi kulizungumza.

"Ulimwona baba mkubwa mwezi uliopita kwenye sherehe," Yoliswa aliendelea. "Ulimwona alivyokuwa akikutazama."

Funeka alikumbuka. Mzee Mbuyiselo wa Radebe, baba mkubwa aliyemlea Yoliswa baada ya baba yake kufa, alichinja ng'ombe kuwashukuru wahenga kwa kupona mguu. Baada ya upasuaji mguu ule uliuguzwa hapahapa, chumba cha mbele, na aliyesafisha kidonda kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alikuwa Funeka. Lakini siku ya sherehe shangazi zake Yoliswa walimwelekeza Funeka kwenye benchi la ukutani, pamoja na wapita njia waliofuata harufu ya bia. Nyama ilimfikia mwisho, kwenye bakuli la plastiki, mifupa mitupu. Alipotaka kuingia ndani kusaidia kuosha vyombo, shangazi mmoja alimzuia mlangoni kwa upole: hapana dada, wewe ni mgeni, kazi hizi ni za wake wa nyumba hii. Mzee alikuwa amesimama zizini, akaona yote.

"Alisema hataki kufa akiwa na deni la aibu ile," Yoliswa alisema. "Alisema mtu aliyeshika usaha wake hawezi kukaa benchi la wapita njia. Na njia ya kumtoa kwenye benchi ni moja tu anayoijua."

"Mama yangu ni kiongozi wa wanawake wa Alhamisi kanisani, Yoli."

"Najua."

"Watamvua uongozi."

"Najua, Funeka."

"Na huku mtaani je? Hadi sasa sisi ni dada wawili wanaokaa pamoja. Kila mtu anajua na hakuna anayesema. Wakija wazee na fimbo zao na mablanketi, wakasimama langoni kwa mama mchana kweupe..." Akageuza macho kuelekea barabarani. Ng'ambo, mbele ya duka la kona, wanaume walikuwa wamekaa juu ya makreti wakicheza drafti, kama siku zote. Mmoja aliinua kofia akawapungia. Siku hiyo hata kupunga kule kulimtisha. Wote wawili walimkumbuka yule msichana wa sehemu ya chini ya mtaa, aliyekuwa kama wao, aliyeokotwa amekufa nyuma ya uwanja wa mpira. Hawakulitaja jina lake. Hawakulitaja kamwe.

Yoliswa alinyanyuka, akaenda kulijaribu komeo la geti kama lilishika. Lilikuwa limeshika.

*

Alhamisi ukumbi wa kanisa ulikuwa mwekundu kwa blauzi za wanawake: blauzi nyekundu, sketi nyeusi, kofia nyeupe zilizopigwa wanga hadi zikasimama. Funeka alipenda saa ile kuliko saa nyingine yoyote ya wiki. Kule dukani alikokuwa keshia, kati ya misumari na mifuko ya saruji, aliitwa "wewe wa kaunta ya pili". Hapa aliitwa MamTolo, kwa ukoo wa marehemu baba yake. Hapa wanawake walilia kwa sauti bila kuulizwa wanalia nini, na ukimaliza kulia jirani yako alikupa leso.

Mama yake, MaDlomo, aliongoza wimbo akiwa amesimama mbele, mkono mmoja juu ya meza kwa sababu ya magoti. Ni yeye aliyembandika Funeka beji ya blauzi siku alipopokelewa. Leo alimwangalia binti yake mara moja tu, kisha akatazama ukutani hadi mwisho wa ibada.

Katibu, MamCirha, alimsubiri Funeka kwenye chai. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti laini na mikono yenye joto, na hakuna aliyewahi kumsikia akigomba.

"Binti yangu, chukua skonzi. Umekonda." Akamshika mkono na kutouachia. "Nasikia mna wageni Jumamosi."

"Ni mambo ya wazee tu, mama."

"Ndiyo, ndiyo. Wazee." Akamimina maziwa. "Unajua mimi nakupenda. Ile siku mchungaji alipokuja kwa mama yako kuhusu karatasi yenu, nilikuwepo. Nani alisema maneno mazuri? Ni mimi. Nilisema, mchungaji, watoto hawa wana nyumba, wana bima, mmoja akiugua mwingine aruhusiwe kuingia wodini. Na mchungaji akasema vizuri sana: mkataba ni mkataba, kanisa halina neno, ila ndoa ni yetu, neno hilo msiliguse. Si ndivyo?"

"Ndivyo, mama."

"Basi hatukuligusa. Mkataba unakaa kabatini, nani anauona? Lakini ng'ombe, mwanangu, ng'ombe wanapita barabarani." Alitabasamu kwa huruma ya kweli kabisa, na hiyo ndiyo iliyomtisha Funeka zaidi. "Sitaki kuwa mimi wa kukuomba urudishe blauzi. Nitalia. Na mama yako, kwa umri ule, avuliwe uongozi kwa sababu ya posa? Umfikirie. Kula skonzi."

Funeka aliila. Aliishusha kwa chai ya moto hadi machozi yakamtoka, na jirani yake, akidhani bado ni maombi, akampa leso.

*

Ijumaa alienda kwa mama yake, nyuma ya kona ya duka, kusaidia kusafisha nyumba. Hata mgeni asiyetakiwa hapokewi na vumbi. Walipiga deki sebule bila kusema, wakatundika mapazia yaliyofuliwa, wakakanda unga wa mkate wa mvuke. Ndipo MaDlomo akakaa kwenye kiti cha jikoni na kunyoosha magoti yake.

"Kesho watakuita," alisema. "Mncedisi atakuuliza, unawajua watu hawa? Kama anavyoulizwa kila msichana."

"Ndiyo, mama."

"Sema huwajui."

Funeka aliendelea kukanda.

"Sikwambii umwache mtu wako. Kaeni kama mlivyokaa. Nimewahi kukuuliza swali? Krismasi namletea yule mtoto soksi kama ninavyokuletea wewe. Sema tu huwajui, watageuza, watarudi kwao, na Jumatatu mambo yatakuwa kama yalivyokuwa."

"Mama, yule mzee nilimwogesha kwa mikono hii."

"Msichana akisema hawajui, hakuna anayedhani ni kweli. Ni namna ya kukataa, wazee wote wanaijua. Sio dhambi."

"Kwa Yoliswa itakuwa nini?"

MaDlomo alisugua magoti. Alikuwa mwanamke mrefu zamani. Sasa alionekana mdogo kwenye kiti kile, na viatu vyake vya ibada vimepangwa ukutani nyuma yake. "Wewe unaogopa mtaa," alisema mwishowe. "Mimi naogopa jeneza. Nikifa na blauzi yangu, wanawake wote wa mji huu watakuja, wataimba usiku kucha, watanibeba. Nikifa bila blauzi nitazikwa na Mncedisi na rafiki zake walevi. Ndicho ninachoogopa, mwanangu. Unaweza kunicheka."

Funeka hakucheka. Aliufunika unga kwa kitambaa, akaweka mkono wenye unga juu ya mkono wa mama yake. Wakakaa hivyo, kila mmoja na hofu yake, hadi unga ulipoanza kuumuka.

*

Walikuja jua likiwa bado changa, wazee watatu, wamevaa makoti mazito na mablanketi mabegani, kila mmoja na fimbo. Mzee Mbuyiselo alikuwa katikati. Hawakugusa lango. Walisimama nje yake, na yeye akapaza sauti ambayo ilifika mwisho wa mtaa:

"Kwa Tolo! Kwa Tolo, tunaomba njia! Ni sisi wana wa Radebe, tumeona ua zuri katika boma hili!"

Chumbani nyuma, Funeka alikuwa ameketi juu ya mkeka, kitambaa kichwani na blanketi mabegani, kama ilivyotakiwa. Kupitia upenyo wa pazia aliona lango na barabara. Mlango wa jirani wa kwanza ukafunguka, kisha wa pili. Watu walianza kufagia nyua zilizokwisha fagiwa. Vijana wawili walisimamisha baiskeli.

"Wamekuja kumposa nani?" mmoja aliuliza kwa sauti.

"Si ni yule wa Fundi Barafu."

"Acha! Sasa nani mume?"

"Mume ni jokofu!"

Vicheko. Funeka alijikunja ndani ya blanketi. Hawakuwa wabaya, vijana wale. Mmoja alishasaidiwa na Yoliswa kutengeneza redio. Lakini hata wale wa uwanja wa mpira walianza kwa kucheka.

Mncedisi aliwaacha wageni wasimame muda mrefu, kama taratibu zinavyotaka na zaidi kidogo, maana alikuwa akinywa chai. Na wakati huohuo mlango wa jikoni ulibishwa, akaingia MamCirha na sufuria aliyosema aliiazima mwaka jana.

"Nilikuwa napita," alisema. "Naona mna shughuli. Sitakaa." Akakaa.

Hatimaye wageni walifunguliwa. Kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo Funeka alisikia viti vikisogezwa, fimbo zikilazwa sakafuni, chupa ikiwekwa mezani.

"Hii ni ya kufungua mdomo," alisema Mbuyiselo.

"Mdomo wangu umefunguka," alisema Mncedisi baada ya mlio wa glasi. "Sasa semeni. Bwana harusi ni nani?"

"Bwana harusi hatuna."

"Hamna?"

"Tuna mtu wetu, na nyinyi mna mtu wenu. Mtu wetu anamtaka mtu wenu. Tolo, mimi nimeshaposea wanaume saba wa ukoo wetu. Watano kati yao ningependa kuwarudisha. Huyu wa sasa hanywi, hapigi, ana kazi, na jokofu lako likiharibika hutalipa."

Mncedisi alicheka bila kutaka. "Lakini hawa si wameshaandikishana huko serikalini? Ushirika sijui wa nini. Mnataka nini zaidi?"

"Ushirika ni wao wawili," Mbuyiselo alisema, na sauti yake ikaacha utani. "Hapo sigombani na serikali. Lakini nyumbani kwangu ushirika haujulikani kwa mtu yeyote, si kwa wahenga waliolala zizini wala kwa dada zangu wenye midomo. Mtoto wenu alikuja kwetu akapewa mifupa. Sisi tunataka ndoa. Tunataka aje kama mke, apewe jina la mke, na atakayempa mifupa tena anijibu mimi."

Jikoni, kijiko cha MamCirha kilisimama ndani ya kikombe. Funeka alisikia kusimama kwake.

"Haya," alisema Mncedisi, na tayari alikuwa akiwaona ng'ombe. "Mwiteni msichana."

Aliingia ameinamisha kichwa, akapiga magoti mbele yao. Aliona viatu tu. Viatu vya baba mdogo, vilivyopigwa kiwi kwa mara ya kwanza tangu msiba wa mwisho. Kiatu cha kushoto cha Mbuyiselo, kilichokatwa ubavuni ili mguu upumue. Ni yeye aliyekikata, kwa kisu cha jikoni.

"Mwanangu, unawajua watu hawa?"

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mama yake alikuwa amesimama pale, ameshika fremu. Nyuma yake, laini na lenye subira, bega la MamCirha. Nje mtu alicheka tena, huenda kwa jambo lingine kabisa. Funeka alifungua mdomo ili aseme anawajua. Alikuwa amejiandaa; usiku mzima alikuwa amejiandaa.

"Siwajui," alisema.

Ilitoka haraka, kama lile neno la ofisini. Kisha Mncedisi akapiga goti lake kwa kiganja.

"Huwajui vipi? Wewe! Yule mzee si alikaa kwako miezi..."

"Mncedisi," alisema MaDlomo. "Mtoto amejibu."

Funeka alihisi macho ya Mbuyiselo juu ya kitambaa cha kichwa chake, akatamani apigwe. Lakini mzee alisafisha koo, akaanza kutafuta fimbo yake sakafuni.

"Kosa ni letu," alisema. "Tumeingia kwa haraka, hatukujieleza vizuri. Msichana wa watu amjue nani? Tolo, tuwie radhi. Tutarudi langoni tuanze upya."

"Kuanza lini?"

"Sasa hivi. Tutasimama. Mkiwa tayari kutuuliza sisi ni nani, tutawajibu. Na msipouliza leo, hata kesho ni siku."

Wakatoka, mmoja baada ya mwingine, na lango likafungwa nyuma yao.

*

Walisimama. Jua lilipanda, upepo ukapanda nalo, vumbi likawapaka magoti hadi kofia. Mtaa uliokuja kucheka ukachoka kucheka, ukabaki kutazama, na hilo lilikuwa baya zaidi. Wanaume wa drafti walihamisha makreti yao karibu na kona ili waone vizuri. Mzee mmoja wa Radebe alikaa chini juu ya jiwe. Mbuyiselo alibaki wima, ameshika nguzo ya lango, uzito wote kwenye mguu mzima.

Jikoni MamCirha alikunja leso yake. "Umefanya vyema, binti yangu," alisema. "Naona walivyo wakaidi, lakini wataondoka. Mimi nitamwambia mchungaji kwamba uliulizwa, ukakana. Mimi mwenyewe ni shahidi."

Ukakana. Funeka alilisikia neno lile, akalisikia tena. Simu yake ilikuwa mfukoni mwa sketi, na ilitetemeka. Yoliswa, ambaye kwa taratibu hakupaswa kuwepo, alikuwa nyumbani peke yake kati ya majokofu, akisubiri. "Imekuwaje?" aliandika. "Mbona kimya?" Na baadaye, "Funeka, mtu wa jirani ananiambia wazee wako nje. Kwa nini wako nje?"

Aliirudisha simu mfukoni. Akasimama.

"Unaenda wapi?" aliuliza mama yake.

"Kuwafungulia."

"Wewe? Msichana anayeposwa hatoki, Funeka. Hata dirishani hachungulii. Mwachie Mncedisi."

"Baba mdogo amelala na chupa yao, mama."

MaDlomo alikamata ncha ya blanketi lake. Mikono yake ya kizee ilikuwa na nguvu ajabu. "Ukitoka mlango huo watu wote watakuona. Sitaweza kukurudisha ndani tena. Unanisikia? Sitaweza."

"Nakusikia. Naogopa, mama."

"Basi kaa!"

"Hata nikikaa naogopa."

Walitazamana. MamCirha aliinamia sufuria yake kana kwamba kuna kitu ndani. Vidole vya MaDlomo havikufunguka; Funeka alilazimika kuvifungua kimoja kimoja, taratibu, kama vya mtoto aliyelala na kitu mkononi. Alipofika mlangoni alisikia nyuma yake kiti cha jikoni kikilia, mama yake akikaa.

Nje mwanga ulimpiga usoni. Alitembea katikati ya ua na blanketi mabegani, na mtaa ukanyamaza kabisa hata akasikia nyayo zake. Alimwona mwenye kofia, yule aliyewapungia Jumanne, leo hakupunga. Alimwona jirani akimvuta mtoto wake ndani. Aliona kila uso, na kwenye kila uso alijiuliza: ni huyu? Ndiye atakayekuja?

Alifika langoni. Mbuyiselo alimtazama kupitia vyuma. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi, midomo imepasuka, lakini hakumsaidia. Taratibu ni taratibu.

"Wewe unayekuja," alisema kwa sauti ya mtu asiyemfahamu, "ni nani wa nyumba hii? Tunamsubiri mtu wa kutuuliza sisi ni nani."

"Sina haja ya kuwauliza, baba. Nawajua."

"Sauti ndogo. Hawa wenzangu ni viziwi."

Funeka alijua kwamba wenzake hawakuwa viziwi. Alijua pia kwamba dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na kwamba barabara nzima ilikuwa imeinamisha sikio. Alishika komeo la lango kwa mikono miwili.

"Nawajua!" alisema, na sauti ikapasuka, ikawa kubwa kuliko alivyotaka. "Nyinyi ni watu wa Radebe. Mimi ni Funeka, binti wa Tolo. Mimi ni mke wa Yoliswa wenu."

Neno lilikuwa limeshatoka. Hakuna kilichoanguka. Mtu mmoja kule kwenye makreti alipiga mluzi mrefu, wa chini, ambao haukuwa wa utani wala wa pongezi. Mwingine alitema mate, akainuka, akaondoka bila haraka, akigeuka mara mbili kutazama nyuma. Funeka aliuweka kichwani mwendo wake, koti lake, na njia aliyoshika.

Dirisha la jikoni lilifungwa. Hakujua ni mkono wa nani uliolifunga.

Akafungua komeo. Wazee waliingia mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akivua kofia alipompita, na wa mwisho alipokwisha kuingia Funeka alibaki amesimama pale, mgongo kwa nyumba na uso kwa barabara, mpaka yule mwenye koti alipopotea kwenye kona. Ndipo akafunga lango, akalijaribu kama limeshika, na kuwafuata ndani.